Kutoa AC kwenye gari ndogo ili iwe nyepesi na ivute: ninavyofanya mimi huku Mtwara

Ndugu zangu wa kusini, hili swali naulizwa sana na vijana wenye gari ndogo, eti kaka nikitoa AC gari si itakuwa nyepesi, si itavuta? Mpaka leo nimeshatoa AC kwenye gari tatu, IST yangu mwenyewe, Corolla 110 ya shemeji yangu, na Starlet moja ya kijana wa Chikongola aliyekuwa anaiandaa iwe gari ya kuchezea vumbini tu wala siyo ya kupeleka familia kanisani au msikitini. Kwa hiyo naandika yote ninayoyajua, mazuri na mabaya, maana nimeona watu wanaumia na wengine wanaharibu gari nzima kwa kazi ambayo ukiifanya kwa utulivu ni ya siku moja.

Kwanza uzito, kwa sababu ndo kila mtu anaanzia hapo. Siku niliyotoa ya kwangu nilibeba vyuma vyote nikavipeleka kwa jirani ambaye ana mzani wa kupimia korosho, ule wa kuning'iniza kwenye mti, tukawa tunaweka kimoja kimoja ndani ya kiroba na kusoma. Kompresa, yaani pampu ya gesi, ilikuwa kilo 5 na robo tatu, kondensa, ile inayopozea gesi pale mbele, kilo 2 na ushee, lile chuma linaloshikilia kompresa kwenye injini kilo 1 na nusu, mapaipu yote pamoja na draya, kile kichupa cha kunyonya unyevu, kilo 2, na evapoleta, ile inayotoa ubaridi ndani ya dashibodi, na vikorokoro vyake kama kilo 1 na nusu. Ukijumlisha hufiki hata 13 kamili. Jirani akacheka akasema hii hata robo gunia la korosho haifiki, na ni kweli kabisa. IST ina kama tani moja, kwa hiyo nimepunguza kilo moja na kidogo kwenye kila kilo mia, na injini yake ya 2NZ kwenye makaratasi ni nguvu ya farasi 87, maana yake faida ya uzito peke yake ni kama umeongezewa farasi mmoja tu. Mmoja. Wale Honda walipotengeneza NSX-R, gari lao la mbio, mwaka 1992 waliondoa AC kweli, lakini waliondoa na redio, tairi ya spea, na zile sponji za kuzuia makelele, wakaweka na viti vyepesi, ndo wakapata kilo kama 120. AC peke yake haijawahi kumfanya mtu apae.

Kinachokula nguvu kwenye AC ni kompresa ikishashika. Ukibonyeza kitufe, klachi ya umeme pale mbele ya kompresa inanata, injini inaanza kuisukuma gesi, na kwenye injini ndogo ya lita 1 au 1.3 hapo unapoteza farasi kadhaa kwa mpigo, unasikia kabisa gari limekabwa. Jaribu ule mlima wa kupanda Newala ukitokea Masasi ukiwa na watu wanne, AC imewashwa, gia inashuka yenyewe injini inalia na bado gari linatambaa, sasa zima AC hapo hapo katikati ya mlima, utadhani kuna mtu alikuwa anakushika bampa la nyuma ameachia. Lakini hiyo faida umeipata bure kwa kidole! Ukizima, klachi inaachia na puli inabaki inazunguka tupu juu ya beringi yake, mzigo unaobaki kwa injini ni mdogo sana. Kwa hiyo mtu anayetegemea kwamba akiing'oa atapata nguvu zaidi ya ile anayoipata akiizima, atasikitika, na mi sitaki usikitike baada ya kuwa umeshakata mapaipu.

Sasa nani aitoe? Mi naona watu wa aina tatu. Wa kwanza ni yule ambaye AC imekufa na kuifufua ni gharama kuliko anavyoweza, kompresa imekamata au beringi ya puli inalia kama kinu, maana hiyo siku ikigoma kabisa inakata mkanda, na mkanda huo huo kwenye gari nyingi ndo unazungusha wota pampu na alternata, kwa hiyo unasimama porini kati ya Mingoyo na Mtama gari limechemka na betri haichajiwi. Wa pili ni mwenye gari la kuchezea kama yule kijana, ambaye anatoa kila kitu. Wa tatu ni wale kondensa imeoza kwa chumvi, na sisi tunaokaa Shangani na Mikindani tunajua upepo wa bahari unavyokula alminiamu, yale mapezi yanageuka unga mweupe yanaziba njia ya hewa ya rejeta. Nje ya hao watatu, kama AC yako inapoza vizuri, iache ndugu yangu. Joto la Mtwara la mwezi wa 1 na wa 2 lenye unyevu ule, na mtoto mchanga kwenye kiti cha nyuma, kilo 13 hazina thamani hiyo.

Halafu kama gari yako ni haibridi, Aqua, Prius na ndugu zao, funga ukurasa huu. Kompresa ya haibridi nyingi haizungushwi na mkanda, inatumia umeme mkubwa wa betri kubwa, zaidi ya volti mia moja, kupitia zile nyaya za rangi ya machungwa. Umeme huo unaua. Na hata ungetoa, injini haitapata kitu maana haikuwa inaizungusha.

Tuanze kazi, na kazi inaanzia kwenye gesi. Hapa naomba unielewe vizuri kwa sababu ndo sehemu ambayo watu wanaifanyia mzaha. Corolla ya shemeji hatukuifungua wenyewe mwanzoni, tulimpa fundi mmoja, simtaji, akafungua boneti, akachukua bisibisi akabonyeza vali ya kujazia, gesi ikatoka kwa mluzi na ule ukungu mweupe, na kijana wake aliyekuwa ameshika paipu ikampata kwenye vidole viwili. Nilimwangalia mkono, ngozi ilibadilika ikawa nyeupe kavu kama imepakwa chokaa, na baadaye ikavimba malengelenge kama aliyeungua moto. Gesi ya R134a ikitoka kwenye presha inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hiyo ni baridi kuliko friza ya kuuzia samaki. Ikikupata jichoni ndo basi. Tena ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, kwa hiyo ukiifungulia ukiwa ndani ya shimo la gereji inasukuma hewa unayovuta, na ikikutana na moto wa gesi ya kuchomelea au sigara inageuka kuwa sumu.

Na kuna jingine. Mfumo wa gari ndogo unabeba gesi kama nusu kilo, imeandikwa kwenye stika chini ya boneti, tafuta palipoandikwa HFC134a, ndo hiyo hiyo R134a, na gramu zake. Kilo moja ya gesi hii inapasha dunia sawasawa na kilo 1,430 za ule moshi wa kaboni, kwa hiyo nusu kilo ni zaidi ya kilo 700, na kwa kuwa lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3, ule mluzi wa dakika mbili wa fundi yule ulikuwa sawa na kuchoma lita 300 za petroli. Ndo maana mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza hizi gesi. Sisi ambao tunaona bahari inavyokula ufukwe na mvua zinavyobadilika mashambani tuwe wa kwanza kuheshimu hili jambo.

Kwa hiyo fanya hivi: tafuta fundi friji au fundi AC mwenye mashine ya kunyonyea gesi na mtungi wake. Siyo kila anayejaza gesi anayo, muulize kabisa, fundi una mashine ya kunyonya au unayo geji tu? Akinyonya, gesi inabaki kwenye mtungi na anaweza kuitumia tena, kwa hiyo mara nyingi bei mnaelewana vizuri. Na kama umeambiwa gari haina gesi, usiamini maneno, mwambie afunge geji uone mshale umelala kwenye sifuri pande zote mbili, presha ya juu na ya chini. Gari la zamani sana kabla ya katikati ya miaka ya 90 linaweza kuwa na gesi ya R12, ile inayotoboa ozoni, hiyo haichanganywi kwenye mtungi mmoja na nyingine, mwambie fundi mapema.

Gesi ikishatoka ndo unaingia wewe. Andaa spana na soketi za 10, 12 na 14, racheti na ekstenshen ndefu, koleo, jeki na stendi mbili za chuma, na narudia stendi, siyo matofali wala jiti la mnazi, miwani ya kukinga macho, mifuko ya nailoni na raba za kufungia, tepu nyeusi ya umeme, zipu tai na beseni kuukuu. Piga picha kwa simu kila hatua kabla hujagusa kitu, hasa njia ya mkanda, mi nilichora na kwenye kipande cha boksi kabisa. Kisha chomoa terminal ya negativu ya betri.

Naanzaga mbele na kondensa. Toa sho ya mbele, ule uso wenye matundu ya hewa, au bampa kama inabidi, kwenye gari nyingi ndogo ni vile vibana vya plastiki na bolti za 10. Kondensa imekaa mbele ya rejeta, inaonekana kama rejeta nyembamba. Fungua ile mipaipu miwili, bolti ni moja moja, na pale pale inapoachia ziba tundu zote kwa nailoni na raba. Usiseme nitaziba baadaye. Ile oili ya ndani inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya huku kwetu ni maji matupu, ukiacha wazi usiku mmoja tayari ndani kumeanza kutu, na kama siku moja utataka kuirudisha au kumuuzia mwenzio utakuwa umemuuzia chuma kibovu.

Ya kwangu nilivyoivuta juu niliona kitu ambacho sijakisahau. Kati ya kondensa na rejeta kulikuwa na kitu kama blanketi, vumbi jekundu limechanganyika na mabawa ya panzi, manyoya ya ndege na majani makavu yaliyosagika, limeshikamana kabisa kiasi kwamba nililibandua kwa mkono likatoka kipande kizima kama kipande cha kanga kuukuu. Nyuma yake mapezi ya rejeta yalikuwa hayaonekani. Miaka yote injini ilikuwa inapumulia kwenye hilo blanketi! Rejeta niliiosha kwa maji ya mpira, bila presha kubwa maana presha inalaza mapezi, na unamwagia kutoka upande wa injini kwenda mbele ili uchafu urudi ulikotokea. Sasa nakwambia kwa uhakika, faida kubwa niliyoipata kwenye zoezi zima ni hii, joto la injini, siyo uzito. Na hii unaweza kuipata bila kutoa AC, fungua tu bolti za juu za rejeta, isogeze kidogo nyuma, osha katikati.

Ukitoa kondensa usitupe sponji za pembeni, zile zinaifanya hewa ipite ndani ya rejeta badala ya kukwepa pembeni. Na kondensa ilikuwa inaikinga rejeta na mawe, kwa hiyo weka wavu mwembamba wa chuma nyuma ya sho, barabara zetu za vumbi lori moja likikupita linakurushia kokoto za kutosha. Feni usiguse hata moja. Gari nyingi zina feni mbili, mafundi wanasema moja ni ya AC tu, lakini mara nyingi inasaidia rejeta pia, gramu chache hizo hazina maana ukiwa unapanda Rondo mchana wa jua kali.

Kompresa sasa. Hii iko chini pembeni ya injini, kwa hiyo nyanyua gari, weka stendi, tikisa gari kwa mkono uone limekaa kweli, ndo uingie chini. Legeza mkanda kwanza kwenye alternata au kwenye kikazio chake, toa mkanda, chomoa soketi ya waya wa klachi, fungua mipaipu uizibe, kisha bolti, kwa kawaida tatu au nne. Ile ya mwisho usiifungue kwa mkono mmoja. Kilo karibu 6 za chuma zikikuangukia usoni siyo mchezo, weka jeki au mwite mtu aishike. Ikitoka isimamishe wima ndani ya beseni, oili iliyomo ni kidogo tu lakini usiimwage chini, weka kwenye chupa pamoja na oili chafu ya injini. Lile chuma linalobeba kompresa liangalie vizuri kabla ya kulitoa, kwenye baadhi ya injini linashikilia na kitu kingine, kama kuna bolti inayokwenda kwenye alternata au mkono wa injini liache hapo hapo.

Mkanda ndo utakula muda wako, hapa tutulie. Kuna gari ambazo kompresa ina mkanda wake peke yake, hao wamebarikiwa, unatoa mkanda imekwisha. Lakini nyingi za sasa mkanda ni mmoja unapita krenki, wota pampu, alternata na kompresa, ukitoa kompresa mkanda ule ule unakuwa mrefu. Chukua kamba isiyovutika, sogeza alternata ndani karibu na injini ukiacha nafasi kidogo ya kukazia, zungusha kamba kwenye puli zilizobaki, weka alama, kisha pima kwa rula. Mkanda umeandikwa mgongoni, kwa mfano 4PK1000 maana yake ina mifereji 4 na urefu wa milimita 1000, kwa hiyo ukiijua idadi ya mifereji ya puli zako na urefu wa kamba unaenda dukani ukijua unachokitaka. Mimi nilielewana na muuza spea pale mjini nikachukua mitatu, inayopishana milimita 10 hivi, nikarudisha miwili. Muulize pia kama kuna mkanda wa gari yako toleo lisilo na AC, kwenye katalogi upo kwa baadhi ya gari, hiyo inakuokoa hesabu zote.

Ukishauvalisha angalia vitu viwili. Mkanda umekumbatia kila puli vya kutosha? Ukiona umegusa puli ya alternata au wota pampu kwa kijisehemu kidogo tu utateleza, utalia asubuhi yenye umande, na chaji itakuwa hafifu. La pili, hakikisha wota pampu inazunguka upande ule ule wa mwanzo. Puli inayoguswa na mifereji na ile inayoguswa na mgongo wa mkanda zinazunguka pande tofauti, ukikosea njia pampu inarudi nyuma, maji hayaendi inavyotakiwa, na utajua siku ya kwanza tu kwenye mlima gari likichemka. Ndo maana ya ile picha na mchoro wa boksi. Ikishindikana kabisa kupata mkanda wa kukaa vizuri, mchongaji wa vyuma anaweza kukutengenezea kishikio cha puli tupu pale kompresa ilipokuwa, mkanda unabaki ule ule wa zamani. Starlet ya yule kijana tulifanya hivyo. Kaza mpaka ukibonyeza katikati kwa dole gumba kwa nguvu unazama kama sentimita moja, usikaze kama waya wa uzio, unaua beringi.

Umeme: waya wa klachi ufunge tepu vizuri mwisho wake, ukunje, ufunge zipu tai mbali na ekzosi. Toa fyuzi au rilei ya AC kwenye boksi ili mtu akibonyeza kitufe kwa mazoea umeme usiende popote, lakini soma kifuniko kwanza maana kuna fyuzi inayohudumia na vitu vingine. Ile swichi ya presha iliyo kwenye paipu au draya usiikate kwa haraka. Corolla ya shemeji tulipoichomoa soketi yake, tukawasha swichi ya ufunguo tu, injini ya baridi, feni ikaanza kuzunguka na haikuzima tena. Baadhi ya Toyota za miaka ya 90 zimefungwa hivyo, swichi hiyo na ile ya joto la maji ziko kwenye mstari mmoja, gari likiona waya umekatika linadhani kuna joto kali, linawasha feni kujiokoa. Tuliirudisha swichi kwenye soketi yake ikiwa haina hata paipu, tukaining'iniza kwa zipu tai pembeni, feni ikarudi kawaida. Kwa hiyo ukiona feni haizimi, usimlaumu mtu, rudi kwenye swichi.

Evapoleta iko ndani nyuma ya glavu boksi. Kwa gari la kutembelea kila siku mi nashauri iache, kilo moja na nusu tu na kuitoa ni kuhangaika na skrubu za dashibodi ambazo hazirudi tena kimya. Ukiitoa, lile boksi lake la plastiki lazima lirudi maana hewa ya feni ya ndani inapita humo, bila hilo hupati hewa hata ya kawaida.

Lakini uitoe usiitoe, yale matundu ya mapaipu kwenye ukuta kati ya injini na abiria lazima yazibwe. Yule fundi wa Corolla alitoa mapaipu akaacha matundu mawili yanachungulia. Wiki mbili baadaye dada yangu akawa analalamika, kila wakienda Lindi anarudi kichwa kinamgonga na kichefuchefu, tukadhani malaria, akapima hakuna. Siku moja nimekaa kiti cha mbele nikahisi harufu ya injini inatokea miguuni kwangu, nikainama na tochi ya simu, nikaona mwanga wa jua unapita kutoka upande wa injini. Moshi wa ekzosi una sumu ambayo yenyewe haina harufu wala rangi, inakulaza usingizi ukiwa unaendesha. Nilikata kipande cha bati la alminiamu, nikakipiga rivet na silikoni ya joto kuzunguka, maumivu ya kichwa yakaisha. Raba nzuri ya kuzibia nayo inafaa. Matambara hayafai, panya anayatoa na mvua inaingia.

Rudisha betri, washa, sikiliza mkanda, acha gari kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili huku ukiangalia geji ya joto. Kisha zunguka mjini, rudi, zima, pima tena mkanda kwa dole gumba maana mpya unalegea kidogo siku za mwanzo.

Utegemee nini? IST yangu ukiniuliza kama inakimbia kuliko nilivyokuwa nimezima AC, kwa mguu sihisi tofauti. Ninachokiona ni kwamba mlima wa Newala naupanda mshale wa joto haupandi, ile beringi iliyokuwa inalia haipo, na nikifungua boneti kuna nafasi ya mkono kuingia. Ukitaka wepesi unaoonekana, shusha lile boksi la spika kubwa kwenye buti, toa keria ya juu kama hubebi kitu, jaza upepo wa tairi kama stika ya mlangoni inavyosema, na badilisha chujio ya hewa mapema maana vumbi la Tandahimba linaiziba ndani ya muda mfupi. Tairi ya spea na jeki usitoe, hata kama unatafuta wepesi namna gani, kutoka hapa mpaka Nangurukuru ukipata pancha usiku utanikumbuka.

Kitu kimoja ambacho watu hawakitegemei ni mvua. AC inakausha hewa, ndo maana ukiiwasha kioo kinatakata. Bila AC, kuanzia mwezi wa 12 mvua zikishachanganya, watu wanne wamelowa ndani ya gari, kioo cha mbele kinakuwa cheupe ndani ya dakika. Weka hewa ya nje, siyo ya kuzungusha ndani, elekeza feni kioo cha mbele na hita kidogo, teremsha vioo vya nyuma vidole viwili. Na kila mwezi safisha kioo kwa ndani, kisha paka povu jepesi la kunyolea ndevu, futa mpaka kikauke kabisa, ukungu haushiki haraka.

Vyuma usiwapelekee wa skrepa wiki hiyo hiyo. Gari ukija kuliuza mnunuzi wa kwanza atauliza AC, na ukiwa na seti kamili iliyozibwa vizuri bei haishuki sana, atanunua draya mpya na oringi tu ajaze gesi. Kompresa nzima iweke mahali pakavu, matundu yamezibwa, na uizungushe kwa mkono ile sehemu ya mbele ya klachi, siyo puli peke yake, ili oili izunguke ndani na sili isikauke. Ya kwenye Starlet, yule kijana alinipa nimtunzie, ipo juu ya kabati langu ndani ya kiroba, kila mwisho wa mwezi naishusha naizungusha mara kumi naipandisha tena.